Mtoto kwa Kilo

Jina la nchi yetu sitalitaja. Sheria inataka litajwe mtu akiwa amesimama wima, mkono kifuani, na mimi naandika nimekaa kwenye kiti cha wateja, maana kazi yangu ni kinyozi na leo wateja hakuna. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani, na asiyekubali kwamba ina amani hukamatwa siku hiyohiyo.

Kwetu, kama kwenu, watu huoana na watu huachana. Zamani walioachana walikwenda kwa hakimu. Hakimu aliuliza mtoto anakula nini, anavaa nini, anaumwa nini, na baba anapata kiasi gani, kisha akaamua baba atoe posho gani kila mwezi. Palikuwa na kelele nyingi sana. Wanawake walilia, na wanaume waliapa kwa makaburi ya mama zao ambao walikuwa hai na wanasubiri nje. Kelele hizo zikamfikia Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye ikulu yake inapakana na mahakama, zikamharibia usingizi wa mchana.

Inasemekana siku moja Mtukufu alipita karibu na bucha. Akamwona mteja akizozana na mwenye bucha juu ya kipande cha nyama. Nyama ikawekwa kwenye mizani, sindano ikasimama, mteja akatoa pesa na kwenda zake kimya. Mtukufu alirudi ikulu anacheka peke yake. Jioni ileile redio ikatangaza Sheria ya Mizani. Tangu siku hiyo, posho ya mtoto wa wazazi walioachana ikawa inakadiriwa kwa kilo. Mtoto mzito anakula sana, kwa hiyo baba alipe zaidi. Mtoto mwepesi anakula kidogo, kwa hiyo baba alipe kidogo. Tulishangilia barabarani mpaka tuliporuhusiwa kuacha.

Mizani yenyewe ilitolewa kwenye ghala la pamba lililokufa siku nyingi. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya marobota, kwa hiyo kitu chepesi kuliko kilo kumi na mbili haikukiona kabisa, sindano ililala tu kwenye sifuri. Watu wenye midomo mirefu waliuliza kama hiyo si kasoro. Mkadiriaji Mkuu wa Watoto, Bwana Fungameza, mtu mnene, mwenye suti ya vipande vitatu hata wakati wa joto, aliwajibu vizuri.

"Mizani hii ni ya kitaifa," alisema. "Haijishughulishi na mambo madogo."

Ikaongezwa pia sheria ndogo. Iligundulika kwamba wazazi wakorofi walikuwa wakiwabeba watoto wao njiani, na kwa kuwabeba wakawa wanaujua uzito wao kabla serikali haijaujua. Hilo likaitwa kupima bila leseni. Mzazi aliyeachana, pamoja na shahidi wake wa uzito, alikatazwa kumnyanyua mtoto kwa mkono, begani, mgongoni au kwa namna nyingine yoyote. Vichanga vilibebwa kwa kibali chenye picha mbili. Wengine wote walishikwa mkono na kutembea. Adhabu ilikuwa miezi sita.

*

Mlango wa pili kutoka kibanda changu alikuwa akiishi Tausi, ambaye alifuma vitambaa vya makochi na kuviuza kwa watu wasio na makochi. Alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, Nyamizi. Mume wake, Lugendo, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amehamia ng'ambo ya reli. Kwa nini waliachana sijui vizuri. Nilisikia ugomvi ukianzia kwenye chumvi ya mboga na ukaishia kwa mama mkwe, na katikati niliwasha redio kwa adabu. Kila mmoja wao, ukimkuta peke yake, alikuwa mtu mwema.

Sheria ilimtaka kila mama aje na shahidi wa uzito, mtu mzima mwenye akili timamu, ili aape kwamba mtoto aliyepandishwa kwenye mizani ndiye yeye na si mtoto mnene wa kuazima. Tausi alinichagua mimi. Alikuwa akiniita kaka, na Nyamizi akiniita mjomba, na sikuwa na undugu mwingine mjini.

Wiki moja kabla ya mizani ya kila mwezi, Lugendo aliingia kibandani kwangu amemshika Nyamizi mkono.

"Fundi, mnyoe huyu. Toa zote."

"Zote? Kipara?"

"Kipara king'ae. Nywele nazo zina uzito."

Sijashika hata kitana, Tausi akatokea mlangoni, uzi wa kufumia bado umemning'inia begani.

"Kaka, ukigusa hata unywele mmoja mimi na wewe tusijuane. Nimekesha kumsuka!"

Na kweli alikuwa amemsuka. Kila unywele ulikuwa na shanga, na si shanga za plastiki. Mtoto akigeuza kichwa kilisikika kama droo ya vijiko.

"Umemsuka au umempakia?" akauliza Lugendo.

"Wewe si ndiye uliyemvua viatu mwezi uliopita pale ukumbini? Mtoto akapanda mizani miguu mitupu kama mfungwa!"

"Viatu havili ugali."

"Na wewe je, unampa ugali?"

Nilisimama katikati na mkasi. Mwishowe nilimpunguza kisogoni kidogo, pasipo na shanga, na wote wawili wakaondoka wamenuna bila kunilipa. Nyamizi peke yake ndiye aliyeniaga. Alikuwa anatabasamu.

Nilichukua muda kuelewa tabasamu lile. Katika mwezi mzima, Lugendo hakuonekana mtaani kwetu. Ila ilipofika wiki ya mizani, alikuja kila jioni baada ya kazi, akamchukua mwanawe mpaka uwanja wa shule, wakakimbia. Alitaka apungue. Mtoto hakujua anapunguzwa. Alichojua ni kwamba baba yake, aliyenuka moshi wa chuma, anakimbia pembeni yake anahema, anamwambia, "Kimbia mama, kimbia, unanishinda!" Akirudi nyumbani alimkuta mama yake amepika. Mwezi mzima Tausi alipika kidogo na kuchungulia sufuria kwa mawazo, lakini wiki ya mizani alikopa unga, alikopa viazi, akamlisha mwanawe kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, na kumbembeleza anywe maji kikombe kimoja zaidi. Alitaka aongezeke. Mtoto hakujua anaongezwa. Alijua anabembelezwa.

"Mjomba," aliniuliza siku moja akiwa amekaa kizingitini, "kwa nini wiki ya mizani isiwe kila wiki?"

Nilimwambia hayo ni mambo ya serikali. Nikajifanya natafuta wembe.

*

Siku ya mizani ilikuwa sikukuu ndogo. Ukumbi ulipambwa kwa picha ya Mtukufu akiwa mtoto, ingawa wazee wanasema wakati ule hapakuwa na mpiga picha. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, na kwa kuwa mabenchi yalikuwa machache, baba, mama na mtoto walibanana benchi moja. Nyamizi alikaa katikati, kushoto amekamata kidole cha baba yake, kulia kidole cha mama yake. Wao waliangalia mbele, kila mtu na upande wake. Yeye aliangalia juu, mara huyu, mara yule, na miguu yake ilibembea chini ya benchi.

Bwana Fungameza alipanda jukwaani.

"Ndugu wazazi mlioshindwana," alianza, kwa kuwa ndivyo tulivyoitwa rasmi, na mimi shahidi nikiwemo. "Nchi nyingine bado zinawauliza watoto wanahitaji nini. Mtoto ataka pipi! Mtoto ataka baba! Utapima vipi kitu kama hicho? Sisi tumevuka huko. Kilo hailii. Kilo haidanganyi. Kilo haina upande."

Tulipiga makofi. Watoto wakapandishwa, sindano zikasomwa, posho zikaandikwa. Nyamizi alipata kilo kumi na nane, shanga zikiwemo. Lugendo alisonya na Tausi akashukuru Mungu. Mwezi ule waliishi vizuri.

Kisha mvua zikaja, na mbu wakaja na mvua, na Nyamizi akapata homa. Siku kadhaa alitapika kila alichopewa. Homa ilipoachia, mizani ilikuwa keshokutwa. Hata shanga hazikusaidia. Kilo zikashuka, na posho ikashuka nazo, siku ileile, kwa muhuri uleule.

Ndipo sote tulipoanza kuona jinsi sheria yetu inavyofanya kazi kwa ufanisi. Posho ilikuwa ndogo, kwa hiyo chakula kikawa kidogo, kwa hiyo mtoto akakonda zaidi, kwa hiyo mwezi uliofuata posho ikawa ndogo zaidi. Tausi alifuma usiku na mchana. Vitambaa vilijaa chumbani mpaka mtu alikaa juu yake. Majirani tulitaka kumlisha mtoto, lakini kumlisha mtoto wa watu aliyewahi kupanda mizani kuliitwa kughushi kilo, na polisi wa mtaa alikuwa na pua nzuri. Mimi nilimpa uji nyuma ya kioo changu kikubwa. Si kila siku. Nilikuwa naogopa.

Tausi alivaa khanga yake nzuri, tukaenda ofisini kwa Bwana Fungameza. Alitupokea kwa heshima. Mezani alikuwa na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa, na nikakitambua kitambaa kile, kilikuwa cha Tausi.

"Mheshimiwa," Tausi alisema, "mtoto amekonda kwa sababu hakuna chakula. Chakula hakuna kwa sababu mmepunguza posho. Na posho mmepunguza kwa sababu mtoto amekonda."

Bwana Fungameza alifunga macho, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, umeanza na mtoto amekonda, na umemaliza na mtoto amekonda. Hilo ni duara. Ofisi hii haishughuliki na maduara."

"Mheshimiwa, ananifia."

"Mama, tuwe watu wa vipimo. Kama mtoto angehitaji chakula zaidi, si angekuwa mzito?"

Tausi aliinuka, tukatoka. Njiani nilitamani nimwambie kitu cha kumfariji na sikukipata, kwa hiyo nilimwambia khanga imempendeza, na bado naona aibu.

Nikavuka reli kwenda kwa Lugendo. Nilimkuta amevaa miwani mipya ya kuchomelea, anajenga geti la mtu tajiri.

"Nyamizi hali yake si nzuri, fundi."

"Serikali imempima," alinijibu bila kuzima moto. "Imesema anakula kidogo. Mimi ni nani nibishane na mizani? Nalipa ninachoambiwa, sijakosa hata mwezi mmoja."

"Njoo umwone basi."

"Si wiki ijayo ni mizani? Nitakuja, tutakimbia."

Alikuja kweli. Walikwenda uwanjani, lakini walirudi mapema. Lugendo alinipita bila salamu, na Nyamizi akaniambia amechoka, na kwamba baba amesema leo watatembea tu, na kutembea nako ni kuzuri.

*

Siku ya mwisho ya mizani ilikuwa na bendi. Hatukujua kwa nini, tukadhani ni kuzaliwa kwa Mtukufu, ambako huwa mara tatu kwa mwaka. Nyamizi alikaa kwenye benchi katikati ya wazazi wake, amekamata kidole cha kila mmoja wao. Miguu yake haikubembea. Kichwa kilikuwa kimelala kwenye mkono wa mama yake, na shanga hazikuwepo, kwa sababu Tausi alikuwa ameziuza.

Jina likaitwa. Mtoto akapanda polepole, akasimama katikati ya sahani ya chuma. Sindano haikutikisika. Karani aliigonga kwa kidole. Ikabaki sifuri.

Bendi ikalipuka. Bwana Fungameza alipanda jukwaani mbio, kumbe alikuwa amejiandaa.

"Ndugu zangu! Tangu dunia iumbwe, watoto wamekuwa mzigo kwa wazazi wao. Leo, katika nchi yetu tukufu, amepatikana mtoto wa kwanza asiye na gharama. Hali, hadai, hadaiwi! Baba yake kuanzia leo hatalipa chochote. Mama yake kuanzia leo hatadai chochote. Faili limefungwa!"

Tukapiga makofi. Nami nilipiga, mikono ilipiga yenyewe. Tausi alikuwa ameziba uso kwa khanga.

Nyamizi alisubiri mpaka tarumbeta zikanyamaza.

"Mwezi ujao tunakuja tena?" alimuuliza Bwana Fungameza.

"Hapana, binti yangu. Wewe umeshinda. Hutapimwa tena."

"Na baba je?"

"Baba yako hana haja ya kuja tena. Yuko huru."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akakaa chini palepale juu ya mizani, akakunja miguu.

"Nipimeni tena," alisema. "Hamkupima vizuri."

Watu walicheka. Karani alimwambia ashuke, mwingine anasubiri. Alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia. Akajaribu tena. Alianguka kwa ubavu kwenye lile bati, na halikutoa mlio. Tausi alipiga kelele na kunyoosha mikono, lakini askari wawili walikuwa kando ya mizani, na mikono ile ikasimama hewani. Ukumbi mzima tulikuwa tunamtazama mtoto ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumwokota.

Lugendo ndiye aliyekwenda. Aliwasukuma wale askari, akainama, akamnyanyua. Alimnyanyua kwa nguvu anazotumia kunyanyulia mageti, maana mikono yake haikujua nguvu nyingine, na alikuwa hajambeba mwanawe tangu sheria ilipotoka. Mtoto akaruka juu kupita kichwa chake, nusura amponyoke. Akamdaka, akamkumbatia, akamgeuza, akamwangalia huku na huku, akatazama hata chini kwenye sahani ya mizani kana kwamba kuna kitu kimebaki pale.

"Tausi!" aliita. "Tausi, mtoto yuko wapi? Mtoto ameenda wapi?"

Alikuwa amemshika mikononi, analia kwa sauti, na kelele zilifika mpaka ikulu.

*

Kesi haikuchukua muda, kwani kosa lilitendeka mbele ya ukumbi mzima. Hakimu aliuliza swali moja tu.

"Mshtakiwa, ulipomnyanyua ulipata kilo ngapi?"

"Sikupata kitu, mheshimiwa," alijibu Lugendo. "Mikononi hapakuwa na kitu."

Mahakama ilifurahi kuona kwamba kipimo chake kinalingana na kipimo cha serikali, ikamsifu kwa ukweli, ikampa miezi sita kwa kukosa leseni.

Gereza letu huruhusu ndugu kuja kila mchana wakati wa chakula. Serikali hutegemea kwamba ndugu watawaletea wafungwa chakula, na hivyo kuipunguzia mzigo. Tausi hakuwa na cha kupeleka. Alikwenda hivyohivyo. Mimi nilimbeba Nyamizi mgongoni, kwa kuwa faili lilipofungwa nilikoma kuwa shahidi, na sheria ikawa haina la kusema juu ya mgongo wangu. Njia nzima niligeuka nyuma kuhakikisha bado yupo.

Chumba cha wageni kilikuwa na benchi moja. Lugendo alikaa, Tausi akakaa, mtoto katikati. Askari alileta bakuli la ugali na maharage. Lugendo akalisogeza mbele ya mwanawe.

"Mfungwa, kula," alisema askari.

"Nimeshiba, afande."

Nyamizi alikula. Mwanzoni alikula maharage moja moja, kama mtu anayejifunza upya. Siku zilizofuata alikula ugali pia, na baada ya wiki chache akaanza kusimulia mambo akiwa na chakula mdomoni, na mama yake akamkanya, na baba yake akamwambia mama yake mwache aongee. Tausi hakumjibu vibaya. Nilikaa kando ya mlango, nikawaangalia watu watatu waliokuwa wameachana kisheria, na machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Mwisho wa mwezi ule, magereza nayo yakaingizwa kwenye Sheria ya Mizani, kwa heshima ya mafanikio yake. Bwana jela alimpandisha Lugendo. Suruali aliishikilia kwa mkono. Sindano ikasomwa, ikaonekana mfungwa huyu amepungua sana, maana yake anakula kidogo sana, na haifai kuharibu chakula cha taifa kwa ajili yake. Mgao wake ukakatwa nusu.

Mchana uliofuata bakuli lilikuja nusu. Lugendo akalisogeza mbele ya mwanawe kama kawaida. Nyamizi alichungulia ndani, kisha akamwangalia baba yake.

"Baba, leo hawajajaza. Kesho uwaambie wewe unakula sana."

"Nitawaambia, mama," alisema Lugendo, akageuza uso ukutani mpaka mtoto alipomaliza.